Paleti ya Bwana wa Kalima

Anifa alipofariki, matanga yaliwekwa hapa hapa Kindu, nyumbani kwa binti yake. Nilikwenda nikakaa kwenye mkeka pamoja na wazee wengine. Chai ililetwa, na mikate ya mchele, na watu wakaanza kumzungumzia marehemu, kama inavyokuwa machozi yanapopungua. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Mmoja alimjua alipoishi Kalima, kwenye mji wa mgodi, akigawia majirani chumvi wakati barabara ilipokatika na malori hayafiki. Mwingine alimkumbuka uzeeni, akimnong'oneza jirani yake msibani kwamba shehe akirefusha mawaidha tena, yeye atalala hapo hapo. Walicheka. Kisha mtu akasema amesikia kwamba ujanani Anifa alikuwa mchezaji ngoma wa Chama, chama kile kimoja cha Rais wa Zaire, akicheza mbele ya wakubwa, na binti yake akajibu kwamba mama hakupenda kusimulia mwaka ule. Akatuangalia sisi wazee, mmoja mmoja, kama kuna anayejua. Niliinamia kikombe changu. Mzee wa pembeni akaniuliza kama nami ni wa ukoo. Nikamwambia nilikuwa jirani, na hilo ni kweli. Tulitenganishwa na ukuta wa mbao. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijua kwamba mwaka ule umebaki na mimi peke yangu, na kwamba nisipouandika nitakuwa nimenyamaza mara mbili.

Ulikuwa mwaka niliomaliza shule ya sekondari na kukosa nafasi ya kuendelea. Nilikuja Kindu kutoka Kibombo, nikapata kazi kwa patron Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa ameshika duka la Mgiriki mmoja baada ya serikali kuwapa wananchi maduka ya wageni. Patron alikuwa mtu wa sala na wa safari. Alikuwa akienda Bukavu kutafuta bidhaa, akakaa huko hata majuma, na duka likabaki mikononi mwangu. Nililala katika chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Hewa ya humo ilikuwa nzito, na jua lilipolipiga bati mchana, sabuni zilianza kunuka kana kwamba mtu anafua. Meza yangu ilikuwa gunia la chumvi. Nilikuwa nikiweka juu yake sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo, nikala nikitazama ukuta. Ukuta huo ulikuwa wa mbao zilizopishana vibaya, na upande wa pili ulikuwa ua wa mama waliyemwita shangazi Mwamini, ambapo wanawake walikutana kusukana nywele. Nilizijua sauti zao kabla ya sura zao. Nilijua nani ana mume mlevi, nani hajalipwa mchele wake, nani anakohoa. Walipocheka nami nilicheka, kijiko mkononi, halafu nikaona haya, maana nilikuwa nimecheka peke yangu kwenye chumba chenye magunia. Leo nina nyumba yenye vyumba vya kutosha, na bado nikila peke yangu natega sikio upande wa ukuta.

Enzi hizo wigi na mafuta ya kuchubua ngozi vilikuwa vimekatazwa kwa jina la uhalisi wetu wa Kizaire, ile siasa ya Rais ya kurudi kwenye asili. Rangi za macho, hakuna aliyejua kama nazo zimekatazwa. Kila mkubwa alitunga sheria yake. Mkubwa wa Chama wa hapa kwetu alipopata habari kwamba ujumbe wa wageni wakubwa unakuja kutoka juu, aliamua kwamba wanawake wa kikundi cha ngoma watavaa kitenge kimoja na watapaka kijani machoni, kijani cha bendera. Patron alisikia hayo akafurahi. Alirudi kutoka Bukavu na katoni zilizojaa paleti, vile visanduku bapa vyenye kioo kidogo na vijisahani vya rangi za macho zilizokandamizwa. Zilikuwa za kila aina, na nyingine zilikuwa zimezunguka Bujumbura hata maandishi yamefutika. Patron aliniambia nizichambue. Hakutaka ugomvi na wake za wakubwa. Nilimuuliza nitajuaje ipi nzuri. Akasema mimi ndiye niliyesoma, kisha akaenda kusali.

Kwa hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa upweke, jinsi mwingine anavyojifunza kupiga gitaa. Nilianza na pua: rangi iliyooza inanuka kama karanga za mwaka jana. Kisha kidole. Unagusa bila kukandamiza, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala. Rangi njema inashika kidole mara moja, laini, haitoi vumbi. Ile mbaya ni ngumu kama chaki, na ukiisugua inamwagika pembeni, ujue wamejaza talka. Kisha unaivuta mstari mmoja juu ya ngozi, mstari mmoja tu, kwa sababu rangi inayohitaji kurudiwa rudiwa itakuaibisha mbele za watu. Unakwenda nayo mlangoni kwenye mwanga, maana taa ya dukani husifia kila kitu. Hapo ndipo rangi nyingi zilipokufa. Zilikuwa zimetengenezewa ngozi ya Wazungu. Kwenye sahani ni zambarau, kwenye ngozi yetu ni majivu, mtu anaonekana kama ametoka kusaga unga. Iliyovuka mlango niliiacha mkononi tangu asubuhi mpaka joto la mchana, nikibeba magunia nayo, nikitoka jasho, kisha nikaangalia kama bado ipo mahali pake au imekusanyika kwenye mikunjo kama matope. Mwisho niliifuta kwa vazelini nione kama inaacha doa au ngozi inawasha. Mikono yangu yote ilikuwa mistari. Wateja walianza kuniita Dokta wa Macho. Mama mmoja muuza samaki aliniomba dawa ya macho ya mume wake, asiweze tena kuona wanawake wengine. Jina likavuka mto. Siku moja mzee alikuja kutoka Alunguli, ng'ambo ya pili, ameshikwa mkono na mjukuu wake, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe, akaketi mbele ya kaunta akanyanyua uso akingoja. Nilimpa maji na kipande cha sabuni, nikamweleza njia ya hospitali, naye akanishukuru kwa heshima kubwa. Watu wa barabarani walicheka siku nzima. Mimi nilijisikia kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Anifa aliingia dukani katika majuma hayo. Nilikuwa nimeijua sauti yake kwa muda, ndiyo iliyokuwa ikimalizia mzaha ambao wengine wameanza. Alikuwa akikaa kwa shangazi Mwamini, ndugu wa baba yake, na alikuwa mchezaji wa mbele katika kikundi cha Chama. Sura yake haikufanana na niliyokuwa nimeitengeneza kichwani; alikuwa mweusi sana, mrefu, na aliangalia vitu kwa muda kabla ya kusema. Aliangalia mistari ya mikono yangu. Akaniuliza kama ninataka kuolewa. Nilimweleza kazi yangu yote, pua, kidole, mlango, jasho, na nadhani nilizungumza kwa muda mrefu, kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nimezungumza na mtu. Alisikiliza. Kisha akaweka mkono wake juu ya kaunta, upande wa ndani umetazama juu.

"Mukono yako iko na manyoya," alisema. "Jicho ya mwanamuke haina manyoya. Jaribu hapa."

Tangu siku hiyo, bidhaa mpya zikifika alikuwa akija, wakati wa mchana ambapo mitaa ni mitupu. Nilivuta mstari karibu na kifundo cha mkono, tukaenda pamoja mlangoni, tukaangalia. Alikuwa na jicho kali kuliko mimi. Alikataa kijani ambacho mimi ningekipitisha, akisema hicho ni kijani cha majani yaliyochemshwa. Tulizungumza juu ya rangi, na kati ya rangi tulizungumza juu ya mengine: kwamba hakupenda kucheza mbele ya wakubwa lakini alipenda kucheza, kwamba shangazi anahesabu umri wake kwa sauti kila jioni, kwamba mimi nikikoroga chai yangu, yeye husikia kijiko kupitia ukuta. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ukuta unapitisha pande zote mbili. Usiku huo nilikoroga taratibu.

Siku ya ujumbe jua lilikuwa la kutisha. Wanawake walisimamishwa uwanjani tangu asubuhi wakingoja magari, na magari yalifika wakati vivuli vimekwisha. Wake za wakubwa walikuwa wamekataa ushauri wangu, wakachukua paleti kubwa zenye maua kwenye kifuniko. Ngoma haijafika katikati, kijani kilianza kuteremka. Kiliteremka mashavuni, kikaingia midomoni, na mama mmoja mnene akawa anaimba sifa za Rais huku akitema pembeni. Watu waliogopa kucheka, wakakohoa. Katika mstari wa mbele, Anifa peke yake ndiye aliyebaki na macho yake. Kijani nilichokuwa nimemchagulia, kidogo, chenye kung'aa kwa mbali kama bawa la mbawakawa, kilikaa pale pale mpaka mwisho. Nilisimama nyuma ya umati nikiwa na fahari ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi yoyote. Sikufikiri kwamba kama mimi ninaona, na wengine wanaona. Miongoni mwa wageni alikuwako Bwana Ramazani, mtunza ghala wa mgodi wa Kalima, mwanamume mtulivu aliyefiwa na mke. Kabla ya juma kwisha alikuwa ameuliza huyo ni binti wa nani.

Habari niliipata kupitia mbao. Nilikuwa ninakula. Shangazi Mwamini aliwaeleza wanawake kwamba bwana ni mtu wa dini, ana nyumba ya matofali ya kampani, na ametuma zawadi ya kwanza. Katika familia zao, zawadi hiyo hukaa ndani kwa muda bila kuguswa. Msichana akiirudisha, maneno yamekwisha na hakuna anayechukia. Akiivaa mbele za watu, amejibu. Wanawake waliuliza zawadi ni nini, kitenge au hereni. Shangazi akasema ni kitu cha kupaka macho, mtu huyo alimwona akicheza na hajasahau. Kukawa na vigelegele, halafu vicheko, halafu nikasikia kwamba sauti moja haimo. Niliacha kula.

Anifa alikuja mchana wa siku ya pili. Patron alikuwa safarini. Alikuwa ameifunga paleti katika kitambaa cheupe, akakifungua juu ya kaunta, kisha akaisukuma paleti kwangu kwa ncha za vidole.

"Angalia hii kitu vizuri, Dokta," alisema. "Ukisema iko mubaya, nitairudisha leo. Ukisema iko muzuri, nitaivaa siku ya Ijumaa."

Hakuficha kitu. Nimejaribu kwa miaka mingi kujiambia kwamba sikumwelewa, na sijafaulu. Alikuwa amesimama, mikono miwili juu ya kaunta, ananiangalia kama alivyoangalia rangi mlangoni.

Nilifungua kifuniko, na hapo, Mungu anisamehe, nilimsahau. Ilikuwa paleti ambayo sijapata kuiona. Haikuwa na harufu, ila ile ya mbali ya kitu safi. Bawaba ilifunguka bila kulia. Rangi zilikuwa zimepangwa na mtu aliyefikiri: kahawia ya mbegu za kahawa, shaba, dhahabu iliyonyamaza, kijani cha mto chini ya miti, buluu. Niligusa kahawia, ikanishika kidole kama samli. Nilivuta mstari kwenye mkono wangu, nikaenda mlangoni, na ile rangi iliyokuwa ndani ya sahani ndiyo iliyokuwa juu ya ngozi, haikupungua hata chembe. Yeye hakunifuata mlangoni. Nilirudi nikasema, na bado naisikia sauti yangu ikiwa imejaa furaha ya mjinga:

"Iko muzuri sana. Sijaona muzuri kama hii."

Kisha nikaendelea. Nilimweleza ulaini wake. Nilimweleza kwamba hawakujaza talka, kwamba itavumilia jasho, kwamba aliyeinunua hakuokota cha kwanza kilichokuja mbele yake, alitafuta. Nilikuwa ninamsifia mwanamume mwenzangu kupitia unga wake na sikuweza kunyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza polepole:

"Haina ubaya hata kidogo?"

Ulikuwa mlango wa pili na alinifungulia yeye mwenyewe. Nilirudi kwenye paleti, nikaikagua kwa haki kamili, sahani kwa sahani.

"Hii ya buluu tu. Itakuwekea majivu. Usiivae hiyo."

"Njo ubaya yote?" aliuliza, yaani kama kasoro ni hiyo tu.

"Njo yote."

Aliifunga kwenye kitambaa chake, akanishukuru, akatoka. Ijumaa ile shaba ilikuwa machoni pake, na ilimpendeza jinsi nilivyosema.

Watu wanaosikia kisa kama hiki hupenda kumtetea msimulizi. Wangesema nilikuwa Mkristo na yeye Mwislamu, kwamba sikuwa na nyumba, kwamba kijana anayelala kati ya magunia hana la kusema mbele ya mtunza ghala. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonipita kichwani wakati ule. Wala sikuwa nimetoa nafsi yangu kwa ajili ya heri yake. Nilichokuwa nacho mchana ule kilikuwa ujuzi, kitu changu pekee mjini humo, na mtu aliniuliza swali ambalo ujuzi wangu ulikuwa na jibu lake. Nililijibu lile. Swali la pili, lililokuwa chini ya lile, lilihitaji niseme neno ambalo sikuwa na hakika nalo, na mimi nilikuwa nimezoea kusema nilichokwisha jaribu kwenye ngozi. Ningeweza kusema paleti ni nzuri na bado nikamwomba asiivae. Maneno hayo mawili yangeweza kukaa pamoja. Ilinichukua nusu ya maisha kuliona hilo, na nilipoliona nilikuwa nimeketi mbele ya mwanamke mwingine, mke wangu, ambaye naye alikuwa akingoja niseme kitu, akachoka, akarudi kwao.

Baada ya Ijumaa hiyo Anifa hakuja tena dukani. Posa ilipokelewa, na upande wa pili wa ukuta ulijaa habari za vyombo na vitenge. Nilihamishia gunia langu upande mwingine wa chumba, lakini sauti zilinifuata. Bidhaa mpya zilifika. Nilizijaribu kwenye mkono wangu, nikaenda mlangoni peke yangu. Patron alirudi akasema nimekonda, akaninunulia nyama. Alikuwa mtu mwema. Tulikula, kila mmoja na safari zake.

Siku ya harusi, asubuhi, mtoto alitumwa kuniita. Bibi harusi alikuwa amekwisha kuvalishwa, na bwana alikuwa amepeleka neno kwamba angependa kuona macho yamepakwa zawadi yake, yakikaa kama yalivyokaa uwanjani. Shangazi Mwamini alikuwa amejaribu mara moja, akaharibu, akafuta, akajaribu tena, akaharibu tena. Nilisimama kwenye kizingiti cha ua ule nilioujua kwa sauti tu. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Masufuria ya wali yalikuwa motoni, wanawake wameketi kwenye mikeka, na mmoja wao, mwenye kukohoa, aliuliza kama ni vizuri kijana wa kiume kumgusa mtu siku kama hii. Shangazi alimkata.

"Wacha maneno. Huyu si mwanaume, huyu ni wa duka."

Walicheka kwa upole, bila ubaya, nami nilicheka pamoja nao. Anifa hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi karibu na ukuta, mahali penye mwanga mzuri. Sijui kama alipachagua yeye. Nilipiga magoti mbele yake. Paleti ilikuwa mapajani mwake, imefunguliwa. Alinitazama mara moja, akafumba macho.

Sikuwa nimewahi kumgusa usoni. Kope zake zilikuwa za moto, na zilitikisika chini ya kidole changu, kama zinasikiliza. Niliweka kahawia kwenye mkunjo, nikavuta shaba kutoka ndani kwenda nje, mstari mmoja, kisha dhahabu kidogo sana katikati, pale ambapo mwanga hugonga mtu anapoinama. Hakuna kilichomwagika. Nilifanya jicho la kushoto, nikafanya la kulia. Wanawake walikuwa wamerudi kwenye masufuria yao, shangazi anagombana na mtu juu ya chumvi, na kwa kitambo hicho hakukuwa na mtu wa kutusikia.

"Mikono yako iko baridi," alisema, midomo ikisogea kidogo tu.

Nikasema ni maji, nilinawa.

"Iko kitu ingine unataka kuniambia?"

Kazi ilikuwa imekwisha. Nilijua imekwisha, nilikuwa naiangalia, nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Neno lilikuwepo, lilifika mpaka kwenye meno. Lakini akifungua macho angeuona uso wangu, na uso wangu wakati huo haukuwa wa mtu wa duka.

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Rangi haijashika. Usifungue macho."

Akatii. Aliketi wima, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwangu. Nilisimama taratibu, nikachukua viatu vyangu, nikapita katikati ya mikeka bila kuaga. Nilikuwa nimefika nje, nyuma ya ukuta wa mbao, niliposikia sauti yake.

"Dokta? Nifungue sasa?"

Niliinama nikavaa viatu. Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na shangazi ndiye aliyemwambia kwamba mbele yake hakuna mtu.